Nilivyompata mhamiaji wetu kwenye orodha za meli za New York

Nilipoanza kumtafuta baba yake babu wa mume wangu, kila niliyemuuliza aliniambia jambo moja: "Makarani wa Ellis Island walimbadilishia jina, kwa hiyo tafuta jina la Kimarekani." Ushauri huo ni mbovu na ulinipotezea miezi. Makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, hawakuwa na kazi ya kuwapa watu majina. Orodha ya abiria iliandikwa na kampuni ya meli kulekule abiria alikopandia, Hamburg, Bremen, Antwerp au Rotterdam. Meli ikitia nanga New York, mkaguzi alipokea orodha iliyokwisha kuandikwa, akamwita mtu, akamuuliza maswali yaliyo kwenye karatasi na kutia alama pembeni. Jina la Kimarekani mhamiaji alijichukulia mwenyewe baadaye, kazini au mahakamani. Wa kwetu alizikwa akiitwa Albert. Melini alikuwa Wojciech, na Wapoland wengi wenye jina hilo waligeuka Albert au George wakishakaa Marekani.

Kwa hiyo nikaacha meli kwanza, nikaanzia mwisho wa maisha yake kurudi nyuma. Sensa za Marekani za 1900, 1910, 1920 na 1930 zina safu ya mwaka wa kuhamia, na pembeni yake herufi mbili za uraia: "Al" ni mgeni bado, "Pa" ameshawasilisha karatasi za kwanza, "Na" ni raia. Sensa ya 1920 inataja hata mwaka wa kupata uraia. Huo mwaka wa kuhamia usiushike kama msumari. Aliyejibu anaweza kuwa mke, mtoto, hata jirani. Kwetu sensa moja ilisema 1907 na nyingine 1910, nami nikaweka nafasi ya miaka mitatu kila upande. Herufi ndizo za kuzingatia: ukiona "Pa", ujue kuna tamko la nia ya kuwa raia, ndizo hizo karatasi za kwanza, limelala kwenye mafaili ya mahakama fulani.

Niliagiza faili la uraia. Ada si ya kuogopesha, ni makumi ya dola, kutegemea unaagiza wapi, ila kusubiri ni kwingi. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mahakama nyingi ziliweza kutoa uraia na kila moja ilikuwa na fomu zake, hivyo karatasi za zamani mara nyingi hazisemi zaidi ya jina na mfalme anayekanwa. Baada ya tarehe hiyo fomu ni moja nchi nzima, na ina tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli, bandari na siku ya kufika. Omba karatasi zote tatu: tamko la nia, ombi la uraia na hati ya kuwasili. Watu huridhika na tamko peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Tamko ni kumbukumbu ya mtu miaka kadhaa baada ya safari. Hati ya kuwasili ilitolewa baada ya karani wa serikali kuifungua orodha ya meli na kumkuta mtu humo, na ilidaiwa kwa waliofika baada ya tarehe 29 Juni 1906. Mbili zikipingana, shika hati. Na kama unayemtafuta ni mwanamke aliyeolewa, kabla ya tarehe 22 Septemba 1922 alipata uraia kupitia kwa mumewe, basi agiza karatasi za mume.

Wakati nasubiri faili nikarudi kwenye orodha za New York, safari hii kwa jina la Kipoland. Siku ya tatu nikamwona. Umri ulikuwa sawasawa, kijiji ndicho, baba aliyeachwa nyumbani ndiye. Nilikuwa tayari kuwapigia simu wakwe. Halafu nikaikuza picha, nikaona mstari wa wino umepita juu ya jina lake kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mstari huo maana yake hakupanda. Tiketi ilinunuliwa, jina likaandikwa, meli ikaondoka bila yeye. Sababu zilikuwa nyingi: treni kuchelewa, fedha kupungua, au daktari wa bandarini kumzuia kwa macho mekundu, kwa kuwa aliyekataliwa New York kampuni ilimrudisha kwa gharama yake. Ukiukuta mstari wa namna hiyo, usimfute mtu wako na usiandike tarehe hiyo kwenye mti wa ukoo. Kwanza pitia kurasa nyingine za meli hiyohiyo, maana waliohamishwa daraja walikatwa ukurasa mmoja wakaandikwa mwingine, na daraja la pili huwa na karatasi zake. Asipokuwepo, chukua saraka ya kuwasili kwa meli, tafuta meli zilizofuata za kampuni ileile kutoka bandari ileile, uzisome moja baada ya nyingine kwa wiki nane.

Nilisoma nne. Kwenye ya nne alikuwepo bila mstari, na nikaelewa kwa nini faharasa haikumleta tangu mwanzo. Orodha hiyo iliandikwa na karani mwingine, mwenye K inayofanana na R. Jina letu halisi sitalitaja, lakini chukua Kowalczyk, jina la kawaida mno kwa Wapoland. Mfumo wa Soundex, ambao faharasa huutumia kukusanya pamoja majina yanayotamkwa karibu sawa, hubakiza herufi ya kwanza, huacha irabu, na kugeuza konsonanti zinazobaki kuwa tarakimu tatu: Kowalczyk ni K422. Mwanafaharasa akisoma R badala ya K, jina linakuwa R422, na hapo ungeandika Kowalczyk kwa tahajia mia moja usimpate, kwa sababu Soundex husamehe makosa ya katikati ya jina, si ya herufi ya kwanza. Tiba yake ni kuanza na nyota, inayosimama badala ya herufi yoyote, *owalcz*, au kuliacha kabisa jina la ukoo na kutafuta kwa jina la kwanza, umri wa miaka miwili juu na chini, na kijiji. Jozi zinazodanganya zaidi ni K na R, S na L, T na F, J na I, U na N. Kwa majina ya Ulaya Mashariki kuna pia mfumo wa namna hiyo uitwao Daitch-Mokotoff, uliotengenezwa 1985, unaojua kwamba "cz" ni sauti moja.

Ukishampata, usome karatasi nzima. Tangu 1907 orodha ina kurasa mbili zinazotazamana, mistari thelathini kila upande, na kwenye intaneti ukurasa wa kulia mara nyingi ni picha inayofuata. Wengi hawaigusi. Kushoto ndiko aliko ndugu wa karibu aliyebaki nchini, pamoja na anwani yake. Kulia kuna aliyelipa nauli, fedha mkononi, anakwenda kwa nani, urefu, rangi ya nywele na macho, na mahali pa kuzaliwa. Wojciech ameandikwa raia wa Austria lakini kabila Mpoland, nalo si kosa: Galicia, jimbo alikotoka, ilikuwa chini ya Austria.

Alama ya X pembeni inaonyesha alizuiliwa. Mara nyingi ni mke na watoto wakisubiri mume aje kuwachukua, au mtu anayesubiri fedha kwa telegramu. Nenda mwisho wa orodha ya meli hiyo utakuta karatasi ya waliozuiliwa, ikiwa na sababu, saa ya kuachiwa, na hesabu ya milo aliyopewa, asubuhi, mchana na jioni. "S.I." ni waliopelekwa mbele ya baraza la uchunguzi, na "LPC" ni aliyehofiwa kuwa mzigo kwa serikali.

Kama wako alifika mapema, usimtafute Ellis Island kwa nguvu. Kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kabla yake, 1855 hadi 1890, walipokelewa Castle Garden, kituo cha zamani cha hukohuko New York. Utaambiwa pia kwamba kila kitu kiliteketea kwenye moto wa Juni 1897. Nyaraka nyingi za kituo ziliungua kweli, lakini orodha za abiria za idara ya forodha zilizoanza 1820 zipo. Shida yake ni ufupi: jina, umri, jinsia, kazi, nchi. Kijiji hakimo, hivyo kitafute upande wa kuondokea. Orodha za Hamburg za 1850 hadi 1934 zimesalia na zinataja alikotoka abiria. Za Bremen nyingi zimepotea. Na asipoonekana New York, jaribu Boston, Philadelphia, Baltimore na Galveston, kisha rekodi za mpaka wa Kanada zinazoitwa St. Albans, zinazoanzia 1895.

Kwenye mstari wa Wojciech, katika safu ya kazi, palikuwa na tarakimu zilizobanwa kwa mwandiko mwingine: namba fupi, kistari, namba ndefu, kisha tarehe. Alama hizo ziliandikwa miaka mingi baada ya safari, hasa tangu 1926, karani alipofungua orodha kuthibitisha ombi la uraia. Nilizinakili zote. Faili lilipofika wiki chache baadaye nikaweka hati ya kuwasili kando ya picha ya orodha. Tamko lilitaja ile meli aliyoikosa. Hati ilitaja ya pili, na namba iliyo juu yake ni ileile, tarakimu kwa tarakimu.