Jioni Bibi Alipozima Kila Kitu

Ujumbe uliingia kwenye simu za mamilioni ya watu California Jumanne ya tarehe 6 Septemba 2022, mnamo saa 11:45 jioni, kwa ule mlio wa dharura unaomfanya mtu aruke kitini. Ndiyo kwanza nilikuwa nimevua viatu. Ulisema joto limeielemea gridi ya jimbo, umeme unaweza kukatika, kwa hiyo kila mtu azime au apunguze kisicho cha lazima mpaka saa 3 usiku, afya yake ikimruhusu.

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, kuombwa ilikuwa kioja. Mgao ninaoujua mimi hauombi. Unashtukia giza, kisha jirani anapaza sauti dirishani: "Na kwenu umekatika?"

Tangu mwisho wa Agosti tulikuwa tukisikia ombi lile lile kila siku. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku kiyoyozi kisiwekwe chini ya 78 kwa kipimo chao cha Fahrenheit, yaani nyuzi joto 25 na nusu hivi, mashine ya kufulia isubiri, gari la umeme lisichajiwe. Saa hizo ndizo mbaya kwa sababu paneli za jua, zinazoibeba California mchana, huanza kulegea wakati kuta za nyumba bado zimeshiba joto na watu wanarudi kazini kuwasha kila kitu. Kuagiza umeme kutoka majimbo ya jirani nako kulikuwa kugumu, maana na wao walikuwa wanaungua. Siku ile Sacramento ilifika nyuzi joto 46.7, ambazo mji huo haukuwahi kuzipima kabla, na matumizi ya umeme yakagonga megawati 52,061, rekodi kwa gridi ile. Wenyeji walikuwa hawajasahau Agosti 2020, walipokatiwa kwa zamu.

Sisi tulikaa mji mmoja wa Bonde la Kati, katika jengo la zamani lenye vyumba vya chini na vya juu. Vya juu vilikuwa tanuri. Nilizima taa, nikachomoa televisheni, nikapandisha kiyoyozi changu mpaka 80, nikajiona raia mwema. Kisha nikatoka koridoni kupunga upepo ambao haukuwepo.

Ndipo nikaona kwa Bibi, jirani yangu, kimya. Kiyoyozi chake cha dirishani kilikuwa kizee chenye kelele, ukikisikia ulijua yupo. Alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, miaka yake sabini imeshapita, anaishi na mjukuu wake aliyefanya kazi ghalani zamu ya usiku. Tulikuwa tumezoeana kwa sababu ya Kiswahili, ingawa alikuwa akinicheka ninavyosema changu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, lakini usiwashe taa."

Hewa ya mle ndani ilinipiga usoni. Alikuwa ameketi gizani, gauni limelowa jasho, miguu imo ndani ya beseni. Mjukuu alikuwa amempigia simu akiwa njiani kumweleza ujumbe, naye akaenda moja kwa moja kwenye boksi la umeme akashusha swichi kuu. Hakuchagua hiki wala kile. Friji nalo lilikuwa limezimwa, na ndani yake kulikuwa na insulini yake.

"Kwa nini umezima vyote, Bibi?"

"Hospitali zina wagonjwa. Wale wanauhitaji."

"Na wewe je?"

"Mimi ninaumwa sukari tu."

Wakati ule riziki yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, na kwenye mafunzo tulikuwa tumesomeshwa habari za Chicago, Julai 1995, ambako joto la siku chache liliua zaidi ya watu 700, wengi wakiwa wazee wanaoishi peke yao. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kulisahau. Jioni ile lilinirudia. Mzee hasikii kiu kama kijana. Bibi alikuwa pia anameza vidonge vya presha vinavyomtoa maji mwilini. Na lile feni alilonionyesha, akisema likizidi ataliwasha kidogo tu, lisingemsaidia: katika joto kali namna ile feni halitoshi kumpoza mzee, linampulizia hewa ya moto.

Nilimuuliza leo ni siku gani. Akanijibu, kisha akaniuliza kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Jibu hilo lilinipa nafuu kuliko kipimo chochote. Angebabaika maneno, au ngozi ingekuwa ya moto na mwenyewe haeleweki, ningepiga 911, namba ya dharura, palepale mlangoni. Lakini aliposimama aliyumba, akashika ukuta. Nikampa maji kidogo kidogo, nikamwekea vitambaa vibichi shingoni na makwapani, nikarudisha swichi kuu ili friji lianze kunguruma. Kukipoza chumba kile kingehitaji saa nyingi, na kiyoyozi chake kingekula umeme bure.

Nikashuka naye chini, hatua moja moja.

Chini ya ngazi aliishi kijana fundi wa mabomba, mwenye kiyoyozi kipya kuliko vyote jengoni. Alikuwa amekizima. Nilipomwomba akiwashe kwa ajili ya Bibi, alinionyesha simu yake. "Tumeombwa tuzime," alisema. "Wewe unakuja kuniambia niwashe?" Hakuwa mkaidi. Alikuwa ametii, kama Bibi alivyotii, na kama mimi na kiyoyozi changu cha 80. Kila mlango ulikuwa umetii kivyake, na hakuna aliyejua kwa jirani kuna nani.

Tukakubaliana hivi: kwake kiwashwe, kwangu kizimwe kabisa, na kwa Bibi pia. Akaongeza yeye mwenyewe kwamba tumwulize mzee wa chumba cha mwisho, yule wa mashine ya oksijeni. Mke wa mzee alifungua akiwa na tochi mkononi. Walikuwa wamezima kila kitu isipokuwa ile mashine, na tayari alikuwa amepiga hesabu: umeme ukikatika, mtungi wa akiba utawafikisha usiku wa manane, basi. Walikuwa wamejiandikisha kwenye mpango wa wagonjwa wanaotegemea mitambo, lakini alijua vizuri, kuliko mimi, kwamba kuandikishwa hakumzuii mtu kukatiwa. Unapata bei nafuu na taarifa. Namna ya kupumua unajitafutia.

Nao wakaja, na mashine yao na mtungi wao. Akaja pia mama mwenye mtoto mchanga. Sebule ya fundi ikawa kama chumba cha kusubiria daktari. Kiyoyozi kimoja kilinguruma badala ya vinne, na kwa mara ya kwanza tangu joto lianze nililiona ombi lile lina akili. Gridi haijali nani amezima, inachotaka ni jumla ipungue. Joto ndilo linalochagua, na lilikuwa limeshaanza kuchagua kule juu. Anayeweza kuvumilia azime vyote, anayeumwa aachiwe, na kabla ya hapo lazima watu wafahamiane.

Baadaye tulisoma kwamba matumizi yalishuka kwa zaidi ya megawati 1,000 ndani ya dakika chache baada ya ujumbe. Waendeshaji wa gridi hawakuamuru mgao, ingawa walifika ukingoni. Usiku tulipoambiwa hatari imepita, fundi alikuwa amesinzia sakafuni na Bibi anambembeleza mtoto wa mtu.

Kuna jirani aliyependekeza tubandike orodha ya wagonjwa karibu na masanduku ya barua. Likakataliwa, kwa haki kabisa. Nani anataka ugonjwa wake usomwe na mleta vifurushi? Mke wa mzee wa oksijeni akaiandika kwenye daftari lake, nani asizime, nani ana gari, nani agongewe kwanza, akakaa nalo.

Maombi ya kubana umeme yaliendelea mpaka tarehe 9. Kesho yake baada ya usiku ule, saa 10 haijafika, nilimsikia Bibi akishuka ngazi na kiti chake cha plastiki, insulini ndani ya kopo lenye barafu. Fundi akaweka 78 kama tulivyoombwa. Bibi akajifunga khanga mabegani, akamtazama, akaniambia nimtafsirie kwamba chumba chake kina baridi na kwamba kijana asiyeoa ndivyo anavyoharibu umeme.