Umri wa Randa ya Stanley

Randa ya Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, niliyoinunua kwa fundi mstaafu ilikuwa imeganda kutu, lakini nilipoisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nyuma ya kile kipande cha chuma kinachoegemewa na kisu ziliibuka tarehe tatu zilizosubiwa mwilini: mbili za mwaka 1902, yaani Machi 25 na Agosti 19, na moja ya Aprili 19, 1910. Hizo ni tarehe za hataza (haki za uvumbuzi), wala si za kutengenezwa (wauzaji wengi huzichanganya). Zinathibitisha tu kwamba mwili huo haukutoka kiwandani kabla ya 1910. Wakusanyaji huziweka randa za Stanley zenye tarehe tatu kati ya 1910 na takriban 1918, kwa kuwa zilizofuata zilibaki na mbili.

Kisu chake, hata hivyo, kina muhuri wa moyo wenye herufi SW ndani, alama iliyoanza kutumika takriban 1920 kumuenzi William Hart, aliyekuwa rais wa Stanley Works. Kisu hicho, basi, si cha asili, jambo ambalo halikunishangaza, maana visu hunolewa hadi vikaisha.