Shajara ya gereji: taa za nyuma na madigadi

Mawazo ya leo yamebaki nyuma ya pikipiki. Anayetaka chombo chake kipendeze huanza na grenda: madigadi inakatwa, kisha ndipo panatafutwa pa kufungia taa. Naona mpangilio huo umepinduka. Taa ndiyo huamua madigadi iishie wapi, na kabla ya taa kuna suala la umeme.

Kazi ya taa ya nyuma ni kubadilika, si kuwaka tu. Balbu ya kawaida ya 12V 21/5W ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wati 5 za kuonekana usiku na wati 21 za breki. Tofauti hiyo ya mara nne ndiyo inayomwambia dereva wa lori aliye nyuma yako kwamba umepunguza mwendo. Taa nyingi za LED za bei rahisi zinakosea hapo hapo: ya usiku inang'aa karibu sawa na ya breki. Ukiitazama dukani unaisifia, lakini barabarani hakuna anayejua ulishika breki saa ngapi. Ijaribu gizani kabla ya kuifunga moja kwa moja. Rudi nyuma hatua 30, mwenzako akanyage breki. Ukilazimika kukodoa macho uone mabadiliko, taa hiyo haifai. Zile zenye kioo cheusi ni mbaya zaidi, maana hata breki yenyewe huzama kwenye jua la saa saba.

Ukitumia utepe wa LED wenye waya mbili tu, chanya na hasi, tofauti hiyo utaitengeneza mwenyewe. Waya wa breki upitie dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 na kwenda kwenye utepe. Waya wa taa ya usiku upitie dayodi nyingine ya aina hiyo hiyo, kisha rezista (kipunguza umeme), ndipo ukutane na ule wa breki. Kwa utepe mwekundu unaokula takribani miliampia 120, rezista ya ohmu 220 yenye nusu wati hushusha mwanga hadi karibu sehemu moja ya tano. Dayodi zisiachwe. Bila hizo, umeme wa breki unarudi kinyume kwenye njia ya taa ya usiku, na kila ukikanyaga breki mchana taa za dashibodi nazo zinawaka.

Lakini kwanza hakiki kama taa ya nyuma inakula umeme wa betri. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo, taa kubwa na ya nyuma hulishwa moja kwa moja na koili za jenereta, na umeme huo ni wa kwenda na kurudi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya usiku isipowaka mpaka injini iungurume, umeshapata jibu: LED itapepesa injini ikiunguruma polepole na haitadumu. Hapo hamishia waya wa taa ya nyuma kwenye njia ya betri iliyo baada ya swichi, ukiwa na fyuzi yake.

Rangi za waya zinasaidia, ila zisiaminiwe kipofu. Kwenye Honda na nyingi za Kichina zilizoiga modeli yake ya CG125, kijani ni ethi (waya hasi unaoungana na fremu), kahawia ni taa ya usiku, kijani chenye mstari wa njano ni breki, rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, na bluu ya maji ni ya kulia. Bajaj na TVS zina mpangilio wao. Kupima kwa mita ya umeme dakika mbili kunaokoa waya mzima.

Indiketa ndizo zinazowasumbua wengi. Flasha (kifaa kinachofanya indiketa zipepese) ya zamani ilitengenezwa kwa mzigo wa balbu mbili za wati 10. Ukiweka LED za wati moja, mzigo unapungua na flasha inakimbia kama jogoo aliyekatwa kichwa, au inaganda kabisa. Dawa ni flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo. Wengine hufunga rezista ya ohmu 10 sambamba na kila indiketa. Inafanya kazi, lakini kwa volti 14 rezista hiyo inatoa karibu wati 20 za joto kila inapowaka, na nimeona plastiki iliyoyeyuka kwa ajili yake. Mwendo unaotakiwa ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika.

Kuna balaa jingine: unawasha kushoto, zinapepesa zote nne. Hiyo ni kwa sababu dashibodi ina balbu moja ya indiketa iliyofungwa kati ya kushoto na kulia, na umeme kidogo unaopita ndani yake unatosha kuziwasha LED za upande wa pili. Toa balbu hiyo kwenye waya zake. Funga dayodi moja kutoka waya wa kushoto na moja kutoka wa kulia, ncha zenye mstari mweupe zikutane kwenye upande mmoja wa balbu, na upande wa pili upeleke ethi.

Ethi ya madigadi usiitegemee. Ina rangi, kutu, na mara nyingi imekaa juu ya mpira. Vuta waya wake hadi kwenye fremu. Dalili ya ethi mbovu haijifichi: unakanyaga breki, indiketa zinawaka kwa mbali.

Sasa grenda. Toa betri na uchomoe CDI (kisanduku cha umeme wa cheche za plagi) kama kutakuwa na kuchomelea. Pima nafasi ya tairi kwanza: bandika donge la udongo wa mfinyanzi chini ya madigadi, wakae watu wawili, pita kwenye tuta, kisha tazama lilivyobonyea. Likibaki chini ya sentimita 2, tairi litagusa siku ya mzigo. Usiguse sehemu ya ndani iliyo mbele ya tairi, kwani ndiyo inayozuia matope kuingia kwenye betri na kisafisha hewa. Toboa tundu la milimita 5 kwenye kila kona ya mkato ili ufa usianzie hapo, kata kwa diski nyembamba ya milimita 1, piga tupa na msasa, kisha praima siku hiyo hiyo.

Ukingo uliokunjwa ndio unaoipa bati ugumu wake. Ukiukata, bati linatetemeka na kupasuka kwenye matundu ya bolti. Chomelea nondo ya milimita 6 kwenye ukingo mpya kwa ndani, na weka washa pana (pete za chuma) pande zote mbili za bolti.

Indiketa za nyuma ziachane angalau milimita 180, la sivyo kwa mbali haijulikani unakwenda upande gani. Kibati cha namba kipate taa nyeupe, na kiakisi chekundu kibaki hata kama kinaharibu umbo. Kwa bodaboda, shusha taa chini ya keria, kwa sababu gunia likifungwa juu huning'inia na kuifunika.