Nilivyohangaika na modi za gemu mpaka nikajua nishushe wapi na nizipange na nini

Kuna swali linaulizwa kila siku, eti kwa modi (yale mafaili ya nyongeza wanayotengeneza mashabiki kubadilisha gemu) sehemu bora ya kushushia ni Nexus Mods, Steam Workshop (ya ndani ya duka la gemu la Steam), CurseForge au nini, halafu anatokea mtu anajibu neno moja tu kisha anapotea zake. Majibu ya hivyo yalinila wikendi tatu na nikashusha gemu nzima upya mara mbili kwa bando langu mwenyewe, kwa hiyo hapa nitaandika kirefu na kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa jamaa yangu wa karibu, tunaitana mwalimu kwa utani, na kweli anapenda kufundisha. Nikamwambia nimenunua gemu ya Skyrim huko Steam na nataka kuipendezesha. Akasema, "Braza mbona unajitesa, nenda Workshop, sabskraibu, imeisha hiyo." Basi bwana, nikakaa jioni nzima natafuta hicho kitufe cha Workshop kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa usoni, tofauti ni kwamba mimi hata miwani sikuwa nayo. Kumbe yeye anacheza Skyrim ile ya 2011 ambayo Workshop inayo, mimi nina Special Edition ya 2016 ambayo Workshop haina kabisa. Gemu jina lile lile, duka lile lile, ila mlango mmoja upo na mwingine haupo. Hilo angeniambia mapema ningelala.

Nikarudi kwake. Akasema sawa, basi chukua Nexus, fungua zipu, kopi pesti ndani ya folda ya Data, imeisha hiyo. Huyu mtu kila kitu kwake kimeisha.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Nexus ipo tangu 2001, ilianza kama saiti ya mashabiki wa Morrowind, gemu ya ukoo mmoja na Skyrim, kwa hiyo kwa gemu za ukoo huu kule ni ghala, ukitaka miti kuna miti, ukitaka mawingu kuna mawingu, na mimi nilichukua kila kitu. Modi arobaini na ushee kwa siku moja. Kila nikipesti kompyuta inauliza faili hili lipo tayari, nibadilishe? Mimi ndio. Ndio kwa yote. Sikujua kwamba kila ndio ninayobonyeza nafuta modi ya jana kwa modi ya leo na hakuna daftari lolote linaloandika nani kamfuta nani.

Ikawaka vizuri dakika ishirini za kwanza, hata picha nilimtumia mwalimu. Nilipofika karibu na mji wa Whiterun ndani ya gemu nikakuta farasi wa zambarau. Sio zambarau ya kupakwa rangi, ile zambarau inayong'aa kama taa ya saluni, mnyama mzima. Nikacheka. Nikaingia mjini, ukuta wa zambarau, na pale penye meza kuna alama kubwa nyekundu ya mshangao inaelea hewani. Nilidhani ni sehemu ya hadithi, aisee, nilisogea nikawa naibonyeza nikitegemea inipe kazi ya kufanya. Baadaye ndio nikajua zambarau maana yake gemu imekosa picha ya kupaka juu ya kitu, na ile alama nyekundu maana yake imekosa umbo la kitu chenyewe. Yaani meza ilikuwa na vikombe vya kufikirika.

Nikasema dawa ni kufuta gemu na kuishusha upya. Gigabaiti kumi na kitu, usiku kucha. Asubuhi nafungua, farasi yule yule wa zambarau ananitazama. Nilikaa nikamwangalia kama dakika nzima. Ukiifuta gemu kupitia Steam inaondoa mafaili iliyoyaweka yenyewe, yale uliyoyatupia wewe kwa mkono wako haiyajui wala hayaihusu, yanabaki kwenye folda yakisubiri gemu irudi yairukie tena. Hata ile kazi ya kuhakiki mafaili inarudisha ya asili yaliyoharibika, haigusi ya ziada. Dawa ni kufuta gemu, KISHA unaingia mwenyewe kwenye folda na kufuta kilichobaki, kisha ndio unashusha. Nilijua hili baada ya kushusha mara ya pili, kwa hiyo bando langu linajua zaidi yangu.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nachanganya maswali mawili. Unashusha WAPI ni swali moja, na unapanga na NINI ni lingine, watu wanayajibu kwa pamoja ndio maana wanatupoteza. Nexus ni ghala. Vortex na Mod Organizer 2 ni wapangaji, yaani programu za kuziweka modi kwenye gemu kwa mpangilio. Workshop yenyewe ni ghala na mpangaji kwa pamoja, ndio maana ni tamu na ndio maana inauma, nitafika huko.

Nilianza na Vortex kwa sababu inatoka kwa Nexus wenyewe na inasoma gemu nyingi. Haikopi modi ndani ya gemu moja kwa moja, inaziweka kwenye folda yake ya pembeni halafu inaziunganisha kwenye folda ya gemu kwa njia ambayo faili linaonekana sehemu mbili bila kula nafasi mara mbili. Ila hiyo njia inataka folda ya pembeni na gemu viwe kwenye diski moja, mimi gemu ilikuwa D na folda iko C, ikanikatalia na nikaanza kubishana nayo kama vile inasikia. Hamisha folda, dakika mbili, imekwisha. Kilichonishinda kwa Vortex ni mimi mwenyewe: modi mbili zikigombania faili moja inakutaka uweke kanuni nani apakiwe baada ya nani, nikaweka A baada ya B, B baada ya C, na kwa akili zangu timamu nikaweka C baada ya A. Ikaniambia kanuni zako zinazunguka duara. Nikaziangalia, kweli zinazunguka duara. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Mod Organizer 2 ndiyo niliyobaki nayo kwa Skyrim na siibadilishi. Hii folda ya gemu haiigusi kabisa, kila modi inakaa kwenye folda yake, na gemu ikiwashwa inadanganywa kwamba zote zipo ndani ya Data. Ukitaka kuondoa modi unatoa tiki tu. Kugombana kwa mafaili unakuona, aliye chini kwenye orodha ya kushoto ndiye anayeshinda, unamburuta juu au chini basi, hakuna duara. Ila siku ya kwanza nilipanga kila kitu vizuri, nikaenda kuwasha gemu kupitia Steam kama kawaida, ikaja tupu kabisa, haina modi hata moja. Nikazifuta zote nikazipanga upya. Tupu tena. Nilikuwa nimeshaanza kuandika malalamiko marefu sehemu fulani, bahati nzuri sikuyatuma, maana ule uongo inaoupa gemu unafanya kazi pale tu gemu inapowashwa KUTOKA NDANI ya Mod Organizer. Kitufe kipo kikubwa upande wa kulia. Kikubwa kweli.

Na SKSE, programu ya nyongeza ambayo modi kama SkyUI (ya kubadilisha menyu) inaidai, hiyo sehemu yake kuu haikai Data, inakaa pembeni ya faili la kuwashia gemu, na lazima ilingane na toleo la gemu lako. Novemba 2021 gemu ilipoletewa apdeti kubwa ya Anniversary modi nyingi zinazoitegemea SKSE ziligoma mpaka zilipoandikwa upya. Kwa hiyo kwenye Steam mimi nimechagua gemu ijiapdeti pale tu ninapoiwasha kwa Steam, halafu siiwashi kwa Steam, nawasha kwa SKSE ndani ya Mod Organizer. Ujanja mdogo lakini nimelala nao vizuri.

Ujanja wangu ninaojivunia zaidi ni huu. Modi za picha ni nzito, moja inaweza kupita gigabaiti mbili, na kompyuta yangu sio kila siku ina intaneti. Naingia Nexus kwa simu, naingia kwenye akaunti, nachagua kushusha kwa mkono, zipu inakaa kwenye simu. Nikifika kwenye kompyuta naihamisha kwa waya mpaka folda ya Mod Organizer inayohifadhi vilivyoshushwa, nikifungua programu inaikuta imejipanga kwenye orodha kama vile ilishusha yenyewe. Usibadilishe jina la hiyo zipu hata kama ni refu na baya, zile namba ndani ya jina ndizo zinaiambia hii ni modi ipi. Mimi niliwahi kuzipa majina mazuri ya Kiswahili, miti moja, miti mbili, mvua. Nikapata miti miwili isiyojulikana baba yao.

Kulipia sijawahi kulazimika, ila nilikutana na zile Collections, kifurushi cha modi mia tatu kilichopangwa na mtu mwingine. Bila kulipia unabonyeza moja moja. Nilifika ya sabini na kitu, nikalipia mwezi mmoja, hela isiyofikia bei ya gemu ya punguzo, nikashusha zote nikiwa naoga, mwezi ukaisha nikaacha.

Sasa Workshop. RimWorld, gemu ya kujenga koloni, nacheza kwa Workshop na sioni aibu. Unabonyeza, inashuka, unaipanga ndani ya gemu kwenyewe, Harmony, modi ambayo nyingine nyingi zinaitegemea, inakaa juu kabisa, unacheza. Shida yake ndio hiyo hiyo raha yake, inajiapdeti bila kukuuliza. Mwandishi wa modi akibadilisha kitu usiku, asubuhi koloni lako la miaka minane linafunguka na maandishi mekundu ya makosa tupu. Mimi nikianza koloni la maana naingia kwenye folda ya Steam inayoitwa workshop, ndani ya content kuna 294100, hiyo ndiyo namba ya RimWorld, nakopi modi zote kwenda folda ya Mods ya gemu yenyewe, kisha najitoa kule Workshop ili nisione kila modi mara mbili. Folda zote zina majina ya namba tu, ukitaka kujua ipi ni ipi fungua ndani yake About. Inachosha, ndio, lakini koloni langu limefika mwisho.

Ah, na kama gemu ulinunua GOG, duka jingine la gemu, usisumbuke na Workshop, ni ya walionunua Steam.

Stardew Valley, gemu ya shamba, nitapita haraka. Unaweka SMAPI, programu inayopakia modi zake, modi zake nyingi ziko Nexus, unazitupa kwenye folda ya Mods, na hapa kopi pesti ya mwalimu ndio mahali pake kwa sababu kila modi ina folda yake. Ukitaka kuizima bila kuifuta, weka nukta mwanzoni mwa jina la folda, SMAPI inairuka.

Minecraft ndio iliyonitia woga, na sio mimi niliyekosea, ni mdogo wangu. Alitafuta jina la modi kwenye intaneti, akabonyeza saiti ya kwanza, moja ya zile zenye vitufe kumi vya kushusha na tisa ni matangazo. Akaniita, "Kaka, imefunguka lakini haijafunguka." Naangalia kashusha faili la exe. Modi za Minecraft ya Java zinakuja na jar, ukipewa exe ya kubonyeza ujue umepewa kitu kingine. Nilishinda siku nzima nabadilisha nywila zake zote na kuifuta ile kompyuta. Tangu hapo kwake ni maghala mawili, Modrinth au CurseForge tu, na hata huko sio pepo, Juni 2023 kirusi cha kompyuta kiitwacho fractureiser kiliingia kwenye modi kadhaa za CurseForge kupitia akaunti za waandishi zilizoibiwa. Kwa hiyo hata kwenye ghala lenye jina mimi modi iliyotoka leo naiacha ikae siku kadhaa kwanza. Mdogo wangu anapenda Modrinth kwa sababu programu yake ni nyepesi, mimi naenda CurseForge nikitafuta vifurushi vikubwa vya zamani. Angalia tu modi ni ya Forge au ya Fabric, hizo ni programu mbili tofauti za kupakia modi, ukichanganya haiwaki, na yeye bado anachanganya.

Mwalimu juzi kanunua Special Edition kwenye punguzo. Usiku saa tano kaniandikia, "Braza, hivi Workshop wameiweka wapi siku hizi?" Nimemtumia picha ya farasi wa zambarau.