Sista, nitaamka?

Kila mgonjwa ana namna yake ya kuniuliza. Wazee huzunguka kwanza: "Hivi hii nusu kaputi yenu siku hizi ikoje?" Watoto hawaulizi, wananing'ang'ania nguo. Kina mama wa oparesheni ya uzazi ndio wananitazama usoni na kusema wazi: "Sista, nitaamka?"

Usiku wa kuamkia leo, kama saa nane hivi, nimeulizwa tena. Nimetoka zamu, nimeoga, usingizi umekataa kuja, naandika.

Hospitali yetu ni ya wilaya. Daktari bingwa wa usingizi hatuna. Tuko wauguzi wawili wa usingizi, tunapokezana. Simu ya usiku ikilia, anayeitwa ni mmoja wetu. Safari hii alikuwa msichana wa uzazi wa kwanza, uchungu tangu asubuhi, mapigo ya moyo ya mtoto yameanza kushuka.

"Hutalala, mdogo wangu," nikamwambia. "Nitakuchoma mgongoni, ganzi itaanzia tumboni kushuka miguuni. Utamsikia mwanao akilia."

Akanyamaza kidogo. "Mgongoni? Si nitapooza?"

Woga huu upo kila kijiji nilichofanyia kazi. Mtu akiumwa mgongo miaka mitano baada ya kujifungua, sindano ndiyo inayobeba lawama. Zamani nilikuwa najibu harakaharaka, "Hupoozi, hamna shida," huku navuta dawa. Siku hizi nakaa kwanza. Nikamweleza kwamba madhara ya kudumu hutokea kwa nadra sana, kwamba miguu itakuwa mizito kwa saa mbili tatu hivi, kisha vidole vitaanza kucheza vyenyewe. Na nikamwambia jambo ninaloweza kulitimiza: nitakaa hapa kichwani pako mpaka mwisho, sitoki.

Kuna mgonjwa aliyenifundisha kuacha haraka. Alisafiri kwa basi kutoka mbali kuja kufanyiwa oparesheni ya ngiri. Nilimuuliza, "Umekula?" akasema hapana. Dawa ilipomkolea, akatapika chai na maandazi, na vingine vikaingia kwenye mapafu. Tulimgeuza ubavu, tukamvuta matapishi kwa mashine, akapona baada ya siku nyingi za oksijeni. Baadaye alinieleza kuwa aliogopa angerudishwa nyumbani, na nauli ya kuja mara ya pili hakuwa nayo. Nilimuelewa. Nilikuwa nimemuuliza kama askari wa kituoni. Tangu hapo siulizi "umekula?" Nauliza, "Leo chai umekunywa saa ngapi?" Watu wananitajia saa. Kisha ndipo tunaongea kuhusu zile saa sita za kukaa bila chakula, na kama oparesheni inaweza kusubiri, mtu ahakikishiwe kitanda.

Huyu wa jana hakuwa na nafasi ya kusubiri. Nikamkalisha, nikampa mto akumbatie. "Inama kama unafua." Uchungu ukaja, nikangoja upite. Sindano ilipofika, tone la maji ya uti wa mgongo likachungulia, maangavu kama ya mvua. Nikaingiza dawa ya ganzi, bupivakaini, mililita mbili, nikamlaza upesi, nikamwekea kabari chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lilalie kushoto, lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Nikampitishia pamba ya spiriti kuanzia paja kupanda. "Baridi?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Nilipofika karibu na matiti ndipo akasema, "Hapo ndiyo." Nikampa daktari ishara aanze.

Umeme ukakatika.

Kwa kawaida nafanya kazi kwa masikio. Ile mashine ya kidoleni hulia kila moyo unapopiga, na oksijeni ikishuka mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Kanuni yake ilibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi Takuo Aoyagi, aliyefariki mwaka 2020. Nimemshukuru mara nyingi mtu huyu ambaye sikuwahi kumwona. Sasa mashine ikanyamaza, kwa sababu betri yake ilishakufa, na ombi la kuibadilisha tuliandika muda mrefu uliopita. Mashine ya oksijeni nayo kimya. Nikawaza kuhusu jenereta na mlinzi wa kuiwasha, huku mkono wangu ukiwa tayari kwenye kifundo cha mkono wake, natafuta mapigo.

"Sista, natapika."

Mama aliyechomwa ganzi ya mgongo akisema hivyo, mara nyingi ni presha inashuka. Mapigo yalikuwa membamba kama uzi. Mwalimu wetu pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, alikuwa hachoki kutukumbusha kuvuta dawa ya dharura kabla ya kuihitaji, na kuiweka mahali palepale kila siku. Bomba langu la efedrini, dawa ya kupandisha presha, hukaa kona ya kulia ya trei, na lebo yake. Nililipata kwa kupapasa. Muuguzi mwenzangu akamulika simu, nikasoma lebo, nikaingiza kidogo, nikafungua dripu ikimbie. Daktari hakusimamisha mkono. Tochi nyingine ilikuwa inamulika upande wake.

"Bado upo?" yule msichana akaniuliza.

"Nipo. Huu mkono unaokushika ni wangu."

Mapigo yakaanza kunenepa chini ya vidole vyangu. Mtoto alilia kabla taa hazijarudi.

Leo asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, nilipita wodini. Mtoto ananyonya, bibi yake anakoroga uji. Yule binti alikuwa amefumba macho. Nikafunua shuka kidogo, nikamgusa kidole gumba cha mguu.

Akakivuta.