Liszt, Wagner na dakika saba za Isolde

Wiki hii nzima nimeng'ang'ania kitu kimoja: mwisho wa opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, Tristan und Isolde, jinsi Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi, alivyouandika kwa piano mwaka 1867. Ni dakika kama saba tu. Ukiisha narudia.

Kinachonishika kwanza ni ujasiri wa kazi yenyewe. Muziki huu ni wa okestra nzima, na juu yake mwanamke, Isolde, anaimba mbele ya maiti ya mpenzi wake, Tristan. Mpiga fidla anaweza kuishika noti moja, akaivuta na kuikuza atakavyo. Piano haina uwezo huo. Ukibonyeza, nyundo inagonga waya, na kuanzia hapo sauti inafifia tu. Dawa ya Liszt ni kutetemesha: vidole vinapishana harakaharaka juu ya noti zilezile, mguu uko kwenye pedali, na sauti inabaki hewani. Anaanza chini, kwa upole, kisha anapanda taratibu, anarudi nyuma kidogo, anapanda tena. Ikifika kileleni, mimi huwa nimeshasahau kwamba hakuna mtu anayeimba. Hata vile vipimo (bar) vinne vya mwanzo ni nyongeza yake. Alivichota kwenye wimbo wa wapenzi hao katika sehemu ya pili ya opera.

Enzi hizo hakukuwa na santuri wala redio. Aliyeishi mbali na jumba la opera aliijua opera kupitia piano ya sebuleni, kwa hiyo kuandika hivi kulikuwa pia kumtangazia mwenzako kazi yake. Na Liszt alimtangaza Wagner kwelikweli. Mei 1849 Wagner alishiriki uasi wa mji wa Dresden, Ujerumani, akawa anasakwa. Liszt, aliyekuwa mkuu wa muziki wa ikulu ya Weimar, alimpokea na kumsaidia kuvuka hadi Uswisi. Tarehe 28 Agosti 1850 akaiongoza Lohengrin, opera ya Wagner, kwa mara ya kwanza hukohuko Weimar, wakati mtunzi mwenyewe hawezi kukanyaga Ujerumani. Usiku huo Wagner alikuwa Lucerne na mkewe Minna, kwenye nyumba ya wageni iitwayo Schwan, macho kwenye saa, akikisia opera inaanza lini na inaisha lini. Opera yake mwenyewe! Barua zake kwa Liszt, lakini, zimejaa maombi ya fedha.

Sasa rudi kwenye ule mwaka 1867. Cosima, binti wa Liszt, alikuwa mke wa Hans von Bülow, mwanafunzi wa Liszt. Bülow ndiye aliyeiongoza Tristan ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Munich, Juni 1865. Miezi miwili kabla, Cosima alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akaitwa Isolde, na baba yake alikuwa Wagner. Februari 1867 akazaliwa mwingine, Eva. Oktoba mwaka huohuo Liszt alikwenda Tribschen, nyumbani kwa Wagner kando ya ziwa la Lucerne. Mazungumzo yao hayangeweza kuwa mepesi. Hata hivyo Liszt aliketi kwenye piano akaipiga Die Meistersinger, opera mpya ya mwenyeji wake, moja kwa moja kutoka kwenye noti za okestra.

Mwingine atamwita bwege. Mimi naona alijua kumkasirikia mtu bila kuisusa kazi yake, na hilo wengi linatushinda. Hasira ilikuwepo: ndoa ya Cosima na Wagner ya 1870 alizipata habari zake gazetini, na mpaka 1872 hawakuwa wamepatana. Ndipo akakubali kuwa baba mkwe wa mtu aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka miwili tu.

Sijui kama alilipwa fadhila. Wagner hakuwa mpiga piano wa maana, kwa hiyo nakala za namna hii asingeweza kumwandikia mwenzake. Ila nyimbo za uzeeni za Liszt, zile kavu na za ajabu ninazozipenda, alizisema mbele ya Cosima kuwa ni wazimu unaochipua. Hapo simsamehei.

Kesho nahamia ufunguzi wa Tannhäuser, opera nyingine ya Wagner, ambao Liszt aliuandika mwaka 1848, kabla ya sakata lolote. Nasikia unawatoa jasho hata mabingwa.