Kumbukumbu ya mradi wa chavua: asilimia peke yake haitoshi

Tunahesabu chavua ya kale iliyozikwa kwenye tope la ziwa ili kujua ni mimea gani ilikuwapo zamani. Nguzo ya mashapo ya ziwa imepasuliwa kwa urefu. Nusu moja imefungwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi 4. Nusu ya pili ndiyo inayofanyiwa kazi. Kila baada ya sentimita 10 tunachota sentimita 1 ya ujazo ya tope na kulitia tembe za spora (chembe za uzazi) za Lycopodium, mmea usio na maua, ambazo idadi ya spora zake inajulikana. Tembe huingia kabla ya kemikali yoyote, ili chavua ikipotea njiani, spora nazo zipotee kwa kiasi kilekile.

Asidi ya hidrokloriki ya 10% huyeyusha chokaa, ya tope na ya tembe zenyewe. Imiminwe tone kwa tone, maana povu likifurika linaondoka na chavua. Kisha potasi haidroksaidi ya 10%, dakika 10 kwenye maji ya moto, kuvunja mboji, na chujio la maikromita 180 kuondoa vipande vya majani. Mchanga tunautenga kwa kimiminika kizito cha sodiamu politangsteti, msongamano wa 2.0: madini yanazama, chavua inaelea. Asidi ya hidrofloriki ingeyayeyusha madini hayo, lakini hupenya ngozi hadi mfupani. Haistahili kutumiwa pasipo kabati la kufyonza mvuke.

Asetolisisi, yaani kupasha chavua moto ndani ya asidi ili kusafisha ukuta wake, ndiyo hatua ya kuogopwa. Mchanganyiko ni sehemu 9 za asetiki anhidraidi kwa 1 ya asidi ya salfuriki, nao hulipuka ukikutana na maji. Kwa hiyo sampuli husuuzwa kwanza kwa asidi ya asetiki isiyo na maji. Ikikaa kwenye moto kupita kiasi, chembe zinakuwa nyeusi na michoro ya ukuta wake haisomeki.

Kwenye hadubini, ukuzaji wa mara 400, tunahesabu chembe 300 kwa kila sampuli. Chavua ya Podocarpus, mti wa jamii ya misonobari, hutambulika upesi kwa vifuko vyake viwili vya hewa. Nyasi zina tundu moja lenye ukingo mnene, lakini jamii zake karibu zote zinafanana, hivyo zinaandikwa “nyasi” tu.

Hapa ndipo spora zinapolipa. Chukua sampuli iliyotiwa spora 20,000: chembe 300 kwa spora 100 ni chavua 60,000 kwa sentimita ya ujazo, chembe 300 kwa spora 400 ni 15,000 tu. Asilimia ya nyasi inaweza kupanda kati ya sampuli hizo mbili ilhali nyasi hazikuongezeka hata kidogo: miti ndiyo iliyopungua. Anayetazama asilimia tu ataandika kwamba mbuga ilitanuka.

Hata hivyo, tope likijaa haraka nalo hupunguza wingi wa chavua. Ndiyo maana kinachofuata ni umri wa kaboni-14, kaboni inayooza taratibu baada ya mmea kufa, ili tujue tope lilijaa kwa kasi gani. Tunaokota mbegu na majani ya mimea ya nchi kavu. Mimea ya majini hufyonza kaboni kuukuu itokayo kwenye mawe ya chokaa, na umri wake husomeka mkubwa kuliko ulivyo.